Marehemu wa Tandika

Sajenti Mwinshehe alifika Tandika saa tatu asubuhi kutafuta msiba.

Msiba wenyewe ulikuwa wa Jumamosi, na leo ilikuwa Jumanne, kwa hiyo hakutegemea kukuta watu wamekaa. Alichotaka kilikuwa kidogo tu. Mtu mmoja wa mtaa huo amwambie ndiyo, Jumamosi kulikuwa na msiba, marehemu ni fulani, na kuna mwanamke kutoka Madale alihudhuria. Aandike, wasaini, apande pikipiki ya kituo arudi kaskazini kabla jua halijawa kali.

Faili lilikuwa jepesi mno kwa kesi ya mauaji. Mzee Deogratias, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na minne, aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, alikutwa amekufa chumbani kwake Madale, Jumamosi saa kumi jioni, kichwa kimepasuka. Mtuhumiwa alikuwa Jamali, mchonga vinyago, ambaye banda lake la kazi limepakana na ukuta wa mzee. Jirani alimwona akitoka ndani, shati lina damu, patasi mkononi, na kufuli la mlango wa grili limevunjwa. Jirani akapiga yowe la mwizi. Watu wakaja na mawe. Polisi walipofika, Jamali alikuwa amebakiwa na jicho moja la kuonea.

Maelezo ya Jamali yalikuwa mistari sita. Alisikia mzee anaita. Akaenda dirishani, akamwona yupo chini. Grili imefungwa kwa nje. Akachukua nyundo na patasi, akavunja. Mzee akafia mikononi mwake. Hana zaidi.

Maelezo ya Editha, binti wa marehemu aliyekuwa akiishi naye na kumuuguza, yalijaza kurasa mbili. Alikwenda msibani Tandika. Grili aliiacha wazi, na ufunguo wa kufuli alimkabidhi Jamali mkononi, saa tano asubuhi, amwangalie mzee mpaka arudi. Ufunguo ulikuwa huo mmoja tu, mwingine ulishapotea zamani.

"Kama alikuwa na ufunguo, avunje kufuli la nini?" Mwinshehe alimuuliza mkuu wake jana yake.

Inspekta Brightson alikuwa akitafuna karanga. "Ili tudhani kaingia mwizi. Ufunguo kautupa."

"Tumefyeka majani siku mbili. Hatujauona."

"Basi kautupa mbali. Mwinshehe, Jumatano asubuhi huyo mtu anapanda mahakamani. Mauaji hayana dhamana, na ukishamsomea shitaka huwezi kumwambia samahani. Kama una neno, lilete kabla."

Mwinshehe alikuwa na miaka ishirini na mbili kazini. Alishaona watu wakiingia mahabusu ya gereza na faili la kurasa tatu, wakatoka miaka sita baadaye na ndevu nyeupe, bila hukumu. Jamali alikuwa na mke na watoto wanne. Iliyobaki ilikuwa leo tu.

Mjumbe wa shina, Bwana Stephano, alikuwa fundi cherehani. Alimpokea Mwinshehe barazani bila kuacha kukanyaga pedali.

"Jumamosi hapa hakukuwa na msiba," alisema.

"Una uhakika?"

"Afande, mtu akifa kwenye shina langu, wa kwanza kujua ni Mungu, wa pili ni mie."

"Wa tatu?"

"Muuza sanda."

Mwinshehe hakucheka. "Hakuna turubai lililofungwa?"

Hapo cherehani ilisimama. Stephano alivua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa. "Turubai lilikuwepo. Kwa Hamida, nyumba ya pili kutoka ile ya kijani."

"Watu walilia?"

"Walilia. Tena si kilio cha kuchezacheza. Mke wangu alijifunga khanga akaenda kutoa pole. Alirudi baada ya robo saa, akakaa jikoni, hakuniambia kitu mpaka leo."

"Kafa nani?"

"Niliuliza. Nikaambiwa ni mtu wa mbali, maiti haiji. Nikasema sawa, labda ni huko Uarabuni, watu wanafia huko kila siku."

"Wanaume walikaa upande gani?"

"Wanaume gani?"

"Wa msibani."

Stephano alifikiri. "Sikumwona mwanaume. Nyie mkinihoji ndio nakumbuka."

Mwinshehe alizaliwa Temeke, na misiba ya Temeke aliijua kuliko anavyoijua sheria ya ushahidi. Kila mtaa una wanaume ambao huwaoni kwenye kazi yoyote, lakini akifa mtu wanafika kabla ya chai, wanabeba viti, wanagombania majembe. Hata maiti ikiwa ya mbali, wanaume watakaa nje, watacheza bao, watabishana mpira kwa sauti ya chini. Msiba wa wanawake watupu hakuwahi kuuona. Mjumbe hakuambiwa. Jeneza hakuna. Jina hakuna.

Alianza kumfikiria Editha kwa namna nyingine. Mwanamke amechoka kuuguza. Anampiga baba yake, anamfungia, anatafuta marafiki wa kusema alikuwa nao. Wanawake watatu na turubai la kukodi wanatosha kutengeneza msiba. Na mchonga vinyago amejileta mwenyewe, na patasi yake.

"Asante, mjumbe. Usimwambie mtu nilikuja."

"Afande, hapa Tandika. Walishajua ulipokata kona."

Kwa Hamida, kwenye kamba ya uani, palianikwa khanga nyeusi saba, zote za mchoro mmoja. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mnene, mwenye sauti ya kuzoea kuagiza. Alimkaribisha sebuleni. Viti vyote vilielekea kwenye runinga kubwa, na ukuta wa nyuma yake ulijaa picha za mwanaume mmoja. Mwanaume mwenye ndevu zilizochongwa, koti jeupe, kipimo cha daktari shingoni. Katika picha kubwa kuliko zote alizungushiwa utepe mweusi.

"Kama ni kelele za Jumamosi, nilishawaomba radhi majirani," Hamida alisema.

"Si kelele. Pole na msiba."

"Tushapoa." Lakini macho yalimjaa maji, na Mwinshehe aliyatazama kwa makini, maana machozi ya uongo aliyajua. Haya hayakuwa ya uongo.

"Marehemu ni nani wako?"

Hamida aligeuka ukutani. "Si huyo."

"Mwarabu?"

"Mturuki."

"Alikuwa akiishi wapi?"

"Istanbul."

"Mlifahamianaje?"

Hamida alimtazama kama anayepima kama mtu huyu atacheka. "Afande, Dokta Orhan ni wa kwenye tamthilia."

Mwinshehe alifunga daftari. Akakaa nalo gotini. Akalifungua tena.

"Kafa kwenye tamthilia."

"Ijumaa, saa tatu usiku. Kagongwa na gari akitoka kumpasua mtoto wa adui yake."

"Na nyie mkafunga turubai."

"Sehemu mia mbili na kumi na nane, afande. Miaka miwili tunakula naye, tunalala naye. Kuna waume kwenye mtaa huu hawajawahi kukaa na wake zao saa nyingi hivyo."

"Mlisoma dua?"

"La. Hilo tulikatazana, tusije tukamchezea Mungu. Tulipika, tukalia, kila mtu akasimulia alivyomjua. Basi."

Mwinshehe aliandika yote, polepole, kwa mwandiko mkubwa. Alijua Inspekta Brightson atataka kuyasoma mara mbili.

"Kuna mwenzenu anaitwa Editha, wa Madale."

"Nesi?" Uso wa Hamida ulichangamka. "Nesi ndiye roho ya kundi. Dokta alipopooza mkono, sehemu ya tisini na kitu, Nesi ndiye alitueleza kila kitu. Mtu wa kiharusi anageuzwa vipi asipate vidonda, analishwa vipi asipaliwe. Sie tulikuwa tunalia tu, yeye anatufundisha. Ni nesi wa hospitali kubwa."

"Hospitali ipi?"

"Hajawahi kusema. Si mtu wa kujisifu."

"Nyumbani kwake anaishi na nani?"

"Peke yake. Ndiyo maana kila Jumamosi yupo hapa, hana wa kumzuia."

"Hajawahi kukutajia mgonjwa? Baba yake?"

"Baba yake alishafariki siku nyingi."

Mwinshehe akasema, "Baba yake amefariki Jumamosi hii. Alikuwa amepooza miaka sita. Editha hana kazi hospitali yoyote, mgonjwa wake ni mmoja tu. Simu ya mzee inaonyesha alikuwa anampigia kumtafuta."

Mkono wa Hamida ulienda juu ya kiti cha karibu, ukakishika.

"Simu tisa," Mwinshehe aliendelea. "Ya kwanza saa nane na dakika ishirini, ya mwisho saa tisa na nusu. Editha anasema msibani simu huwa anazima."

"Haikuzimwa," Hamida alisema. Sauti ya kuagiza ilikuwa imemtoka. "Hapa tuna utaratibu. Ukiingia, simu unaweka kwenye beseni, lile pale mlangoni. Maana mtu akipenya mtandaoni anakuta mambo ya wiki ijayo, anatuharibia wote. Yangu tu ndiyo inabaki, ya kupigia picha."

"Ya Editha ililia?"

"Ililia mpaka tukashindwa kusimulia. Nikamwambia, Nesi, simu yako, imeandika Nyumbani."

"Akasemaje?"

"Akasema iache, hao ndio kawaida yao." Hamida alitazama beseni. "Nikaifunika na mto."

Nje muuza maji ya chupa alipita akigonga chupa zake. Mwinshehe alingoja apotee.

"Picha za siku hiyo unazo?"

Hamida alikuwa nazo nyingi. Alimpa simu na kukaa chini. Mwinshehe alipitisha moja moja mpaka akaifikia ya kundi zima: wanawake kumi na wanne wenye khanga nyeusi, picha ya Dokta Orhan imeshikwa katikati. Simu ilionyesha kwamba imepigwa saa tisa na dakika arobaini. Editha alikuwa mstari wa pili, macho yamevimba.

Kwa hiyo alikuwa hapa. Kutoka Tandika mpaka Madale, hata barabara iwe tupu, si chini ya saa moja kwa pikipiki, na mzee alikuwa hai anapiga simu mpaka saa tisa na nusu. Editha hakumpiga baba yake. Mwinshehe alilifuta wazo lake la asubuhi bila kulionea huruma.

Kisha akaona shingo za wale wanawake. Wote kumi na wanne walivaa utepe mweusi wenye beji ya uso wa daktari.

"Hizi ni nini?"

"Kumbukumbu. Nilizitengenezesha, nikawagawia walipoingia. Chini zina kibano cha kuning'inizia funguo."

Mwinshehe alitanua picha kwa vidole viwili. Wengi walikuwa hawajaning'iniza kitu. Editha alikuwa ameshaning'iniza. Chini ya beji palikuwa na ufunguo mmoja mfupi, kichwa chake cha plastiki ya bluu.

Kufuli lililovunjwa Madale lilikuwa kwenye mfuko wa vielelezo kituoni. Kitako chake kilikuwa na plastiki ya bluu.

"Hii picha nitumie," alisema, "na usiifute. Na leo usimpigie Nesi."

Hamida alitikisa kichwa kukubali. Alipomsindikiza mlangoni aliuliza, "Angepokea, mzee angepona?"

"Sijui."

"Nakuuliza wewe afande."

"Nimekwambia sijui."

Editha alikuja kituoni saa nane mchana, kutoka kwenye turubai la baba yake. Kaka zake walikuwa wamefika kutoka Bukoba usiku uliotangulia. Alivaa nyeusi, na ilikuwa khanga ileile. Alikuwa na miaka thelathini na minane na mikono ya mtu anayeinua mzigo kila siku.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa. Jumamosi ulikwenda msiba wa nani?"

"Nilishaandika. Wa rafiki."

"Hukuandika jina."

"Dokta." Akarekebisha khanga begani. "Dokta Orhan."

"Alifia wapi?"

"Hospitali."

"Ya wapi?"

Mwinshehe aliweka simu mezani, picha ikiwa imetanuliwa. Editha aliitazama, na kitu cha kwanza alichofanya ni kushika shingo yake, mahali ambapo hapakuwa na utepe.

"Umetoka Tandika," alisema taratibu.

"Nimetoka Tandika. Huo ufunguo ni wa nini?"

"Wa sanduku langu."

"Unao?"

"Upo kwenye pochi."

Mwinshehe akatoa kufuli kwenye mfuko, akaliweka mbele yake. Patasi ilikuwa imekata chuma cha juu, lakini kitako kilikuwa kizima. "Tujaribu. Ufunguo ukikataa, nakuomba radhi, unarudi kwa ndugu zako."

Editha alilitazama kufuli. Kisha akafungua pochi, akatoa ufunguo, akauchomeka mwenyewe. Ulizunguka bila kukwaruza.

"Mwezi wa nne alijikokota mpaka barabarani," alisema. "Akaanguka mtaroni, wakamleta kwenye toroli la mchanga. Tangu hapo nikitoka nafunga. Maji namwekea, uji namwekea, simu iko mkononi mwake. Kila Jumamosi nafanya hivyo, na kila Jumamosi namkuta salama."

"Anapiga simu?"

"Kila Jumamosi. Mto umeanguka. Redio imepoteza stesheni. Mara ishirini, afande. Ningejuaje kwamba hii ni nyingine?"

"Usingejua. Sikuulizi hilo. Nakuuliza habari za Jamali."

Editha alianza kukunja ncha ya khanga. "Nilifika nikakuta watu wamejaa. Kila mtu anauliza, mzee ulimwacha na nani. Kaka zangu wanapiga, mzee ulimwacha na nani. Ningejibu nini? Nimemfungia peke yake, nikaenda kumlilia mtu wa kwenye runinga?"

"Ukasema Jamali."

"Walikuwa wameshampiga. Wameshasema ni yeye. Mie niliongeza tu ufunguo."

"Huo ufunguo uliouongeza ndio uliomfikisha kwenye mauaji. Bila huo, ni mtu aliyevunja mlango kwa sababu kasikia mtu anaita. Kesho asubuhi angekwenda gerezani. Ungesema lini?"

"Sijui."

"Ungesema?"

Alikunja khanga mpaka haikukunjika tena. "Miaka sita kaka zangu wanapiga wanauliza mzee anaendeleaje. Hakuna aliyewahi kuuliza mie naendeleaje. Pale kwa Hamida nikiingia watu wanasimama. Nesi kaja. Wananiachia kiti cha mbele."

Mwinshehe alisogeza karatasi na kalamu. "Andika upya. Toka ulipofunga kufuli. Usiruke."

Aliandika kwa dakika arobaini. Mara moja tu alinyanyua kichwa kuuliza kama aandike jina la marehemu wa Tandika, na Mwinshehe akamwambia aandike kila kitu.

Inspekta Brightson aliyasoma maelezo hayo mara mbili, kama ilivyotarajiwa, na aya ya Dokta Orhan mara tatu. Taarifa ya daktari ilikuwa imeingia mchana huohuo: jeraha moja, la kugonga ukingo, na nywele za mzee zilikutwa kwenye ubao wa kitanda. Hakuna alama ya patasi.

"Huyu dada tunamfungulia la kusema uongo," Brightson alisema. "La kumfungia mgonjwa, mwanasheria ataamua. Mtoe mchongaji."

Jamali alitoka mahabusu akitembea kwa ubavu. Jicho la kushoto lilikuwa bado limefumba. Ilibidi apite kwenye korido, na kwenye benchi la korido alikaa Editha, akingoja kuchukuliwa alama za vidole. Mwinshehe alijiweka katikati yao, kwa mazoea ya kazi.

Jamali alisimama.

"Kaka Jamali," Editha alisema. Hakunyanyua macho.

"Dada."

"Wameniambia ulikuwa naye mwisho."

"Nilikuwa naye."

"Alisema kitu?"

Jamali alimtazama Mwinshehe, kama anayeuliza iwapo anaruhusiwa.

"Alikuwa anakuita wewe," Jamali alisema. "Tangu nipo banda langu nilikuwa nasikia jina lako. Nilipoingia nikampakata, akaniuliza, Editha karudi?"

"Hilo hukuliandika kwenye maelezo yako," Mwinshehe alisema.

"Waliniuliza habari za kufuli, afande. Za mzee hawakuniuliza." Akamgeukia tena Editha. "Nikamwambia eeh, karudi, yuko mlangoni anavua viatu. Hapo ndipo alipoacha kuita."